Kivuli cha Pili

Mwaka 2015, likizo ya Aprili, nilikabidhiwa jicho la Babu. Lilikuwa jicho la kulia, limetoka kuondolewa mtoto wa jicho asubuhi ya siku hiyo, limefunikwa kifuniko cha plastiki chenye matundu madogo madogo. Mama alinipa chupa ya dawa ya matone, akanionyesha namna ya kuvuta kope la chini na kudondosha tone moja, mara 4 kwa siku kuanzia kesho yake. Kisha akanipa masharti: Babu asiiname, asibebe kitu kizito, asilisugue jicho, na asiachwe peke yake. Nilikuwa na miaka 15. Masharti matatu ya kwanza yalikuwa ya Babu, la nne lilikuwa langu.

Sasa mtu asiyeruhusiwa kuinama wala kubeba afanye nini kutwa nzima? Nilichokuwa nacho ni boksi la diski za filamu aliloniachia kaka yangu, na karibu zote zilikuwa za angani. Mimi nilikuwa mgonjwa wa sayari. Wenzangu walikariri majina ya waigizaji, mimi nilikariri rangi za mbingu: ya kijani kwenye Altair IV ya filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956, nyekundu kwenye Vulcan ya akina Spock wa Star Trek. Nilikuwa na daftari zima la sayari ambazo hazipo, kila moja na ukurasa wake, na nilikuwa nimezipanga kuanzia ninayoipenda zaidi kushuka chini.

Babu alikuwa fundi saa. Kwa zaidi ya miaka 40 alikaa nyuma ya meza moja, lenzi imebanwa kwenye jicho lile lile la kulia, kibano mkononi, akifungua saa za watu, akizisafisha, akizifunga. Jicho lilipoanza kuingia ukungu hakumwambia mtu. Aliendelea kwa mazoea ya vidole, mpaka siku aliyoipachika kamani vibaya na asijue hadi saa ilipokataa kutembea. Siku hiyo alifunika vifaa vyake kwa kitambaa, na ndipo Mama alipopata habari. Jicho la kushoto nalo lilikuwa na mtoto wa jicho, ila hajakomaa, kwa hiyo lilikuwa linasubiri zamu yake.

Jioni ile ya kwanza tulikaa sebuleni. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yetu, hatua kama tano hivi, saa kubwa yenye namba nene nyeusi. Babu alinigeukia akauliza, "Saa ngapi, mjukuu wangu?" Nikamjibu haraka, kana kwamba ni swali la kila siku, na nikashughulika na waya za kompyuta ili asinione uso.

Nilianza na ukurasa wa kwanza wa daftari langu, Tatooine. Ile filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, nilikuwa nimeitazama mara nyingi sana kwa ajili ya dakika moja tu: kijana anatoka nje ya nyumba iliyochimbwa ardhini, anapanda mpaka ukingoni, na mbele yake majua mawili yanazama, moja limepauka kwa mwanga, jingine limeiva jekundu. Hasemi neno. Muziki wa John Williams unapanda polepole nyuma yake. Nilikuwa naamini, na bado naamini, kwamba hakuna picha nyingine ya sinema inayokuambia haraka namna ile kwamba hapa si nyumbani, na papo hapo ikakufanya utamani kukaa hapo. Nilimweleza Babu kabla hatujaanza: walipiga picha Tunisia, kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid, na mji wa huko uitwao Tataouine ndio ulioipa sayari jina. Nilimweleza na kuhusu wakulima wa unyevu, watu wanaovuna maji kutoka hewani kwa mitambo. Hilo alilipenda. Akaketi vizuri, mikono magotini, jicho la kushoto limekodolewa kwenye kioo, na mimi nikawa namtafsiria mazungumzo kwa sauti ya chini.

Hatukufika mbali. Roboti wawili walikuwa wametua jangwani, yule mrefu wa dhahabu na yule mfupi aliye kama pipa, wanabishana njia ya kwenda. Babu akanyoosha kidole.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha.

"Umesema dunia hii ina majua mangapi?"

"Mawili, Babu. Utayaona baadaye, yanazama pamoja."

"Basi mbona kila mmoja ana kivuli kimoja?"

Nilitazama. Mchanga mweupe, roboti wawili, vivuli viwili, kimoja kwa kila mmoja, vyeusi na vikali kama vilivyokatwa kwa wembe. Filamu niliyoijua kwa moyo. Nilitaka kusema kwamba ni hadithi tu, lakini nilijua hilo si jibu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kuichukulia kama hadithi tu.

"Labda jua la pili ni dogo," nikasema.

"Dogo lina mwanga au halina?"

"Lina."

"Lete taa ya mezani. Na tochi. Na hiyo chupa ya dawa yangu."

Nikavileta. Tulizima taa kubwa ya sebule, nikatandika karatasi nyeupe mezani, nikasimamisha chupa ya matone katikati yake. Ilikuwa chupa ndogo kuliko kidole gumba, yenye kifuniko chenye ncha. Babu alishika taa, mimi tochi, yeye upande huu na mimi upande ule. Chupa ikatoa vivuli viwili, vimepanuka kama miguu ya bikari.

"Miaka yote ile nilikuwa na taa mbili mezani," alisema. "Ukiwa na moja, mkono wako unaizibia saa mwanga na huoni unachoshika. Ukiwa na mbili, kila skrubu ina vivuli viwili, na hakuna hata kimoja kilicho cheusi kabisa. Ndiyo maana nimeshtuka. Vivuli vile ni vyeusi mno. Ni vya mtu mwenye taa moja."

Na kweli, kile ambacho nilikiona cheusi kwenye karatasi kilikuwa sehemu ndogo tu, pale vivuli viwili vilipopandana. Penginepo palikuwa na kivuli chepesi, kwa sababu mwanga uliozibwa na chupa upande mmoja uliingia kwa upande wa pili. Halafu nikaona jambo ambalo hata Babu hakulitaja. Taa ya mezani ilikuwa na balbu ya manjano, tochi ilikuwa nyeupe. Kivuli kimoja kilikuwa cha rangi ya chungwa na kingine cha buluu.

"Babu, vina rangi!"

Aliinamisha shingo kidogo, nikamkumbusha asiiname, akarudi nyuma. "Mimi naona vyote vya kahawia," alisema. Hakusema kwa masikitiko. Alisema kama anayesoma kipimo.

Nilidhani tumemaliza, na kwamba Tatooine imeshindwa. Nikaona uchungu wa kweli, maana ni kama mtu amenionyesha ufa kwenye ukuta wa nyumba niliyozaliwa. Lakini Babu hakuwa mtu wa kuihukumu saa kabla hajaifungua yote. "Hayo majua yao," aliuliza, "yako mbalimbali angani au yamekaribiana?" Nikasogeza filamu mbele mpaka kwenye machweo. Yalikuwa yamekaribiana. Akanishika kifundo cha mkono wenye tochi, akausogeza polepole kuelekea taa yake. Vivuli vikakaribiana, vikaanza kupandana, mpaka vikabaki karibu kimoja. Chini, pale kwenye kitako cha chupa, vilikuwa vimeshikana kabisa. Juu, kwenye ncha ya kifuniko, vilikuwa bado vimeachana kidogo, kama ulimi wa nyoka.

"Basi tuwape haki yao," alisema. "Mguuni kimoja, kichwani viwili. Mtu wa huko akitembea jioni, kivuli chake kina vichwa viwili."

Niliiandika sentensi hiyo usiku ule kwenye daftari, chini ya jina la Tatooine, na ukurasa ule ukawa wa thamani zaidi kuliko ulivyokuwa asubuhi. Filamu haikuonyesha kivuli chenye vichwa viwili, kwa sababu walipiga picha chini ya jua hili letu moja na la pili likapachikwa baadaye kwenye picha ya machweo. Lakini sayari yenyewe, ile niliyokuwa nayo kichwani, sasa ilikuwa nayo.

Asubuhi yake Mama alilitoa jicho kifuniko. Babu alikaa kitandani, akalifumbua taratibu, akatazama mikono yake, akatazama shuka. Halafu akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akalizibua, akaziba la kushoto. Akarudia mara tatu au nne.

"Shuka hili lina rangi gani?"

"Jeupe, Baba," Mama alimjibu.

"Kwa hili," akagusa upande wa kushoto, "ni kama gazeti la zamani. Kwa hili ni jeupe mpaka lina ubuluu." Daktari alikuwa amemweleza, lakini kuelezwa na kuona ni mambo mawili. Lenzi ya jicho iliyozeeka hugeuka manjano kidogo kidogo, mwenye jicho asijue, kwa kuwa ubongo wake unaizoea. Ikitolewa na kuwekwa ya bandia iliyo safi, buluu inarudi kwa mkupuo.

Kitu cha kwanza alichotaka kilikuwa karatasi, taa, tochi na chupa. Tukafunga mapazia. Safari hii hakusema kahawia. Alikitazama kivuli cha buluu muda mrefu, akiwa ameziba jicho la kushoto, kisha akabadilisha, akaziba la kulia. "Kumbe kweli," alisema. "Kipo, kisha hakipo." Na baada ya kitambo: "Nina majua mawili kichwani, mjukuu wangu. Moja jeupe na moja jekundu."

Nilimwambia basi kuhusu sayari ya kweli. Septemba 2011 wanasayansi wa darubini ya anga ya Kepler walitangaza sayari waliyoipa jina Kepler-16b, inayozunguka nyota mbili kwa pamoja, na NASA yenyewe iliifananisha na Tatooine. Ina ukubwa wa karibu na Zohali, haidhaniwi kuwa na ardhi ya mtu kusimama, na nyota zake zote mbili ni ndogo kuliko jua letu, moja ya rangi ya chungwa, nyingine nyekundu. Babu hakuuliza kama kuna watu. Aliuliza wameionaje. Nikamwambia hawakuiona. Walichoona ni mwanga wa nyota unaofifia kidogo sana, kisha unarudi, kila mara sayari inapopita mbele. Nyota zenyewe zinazungukana kwa siku 41, na sayari inazizunguka zote mbili kwa siku 229.

"Wanasikiliza mapigo," alisema, na akafanya ishara niliyomwona akiifanya tangu nikiwa mdogo, ya kuinua saa mpaka sikioni. "Gurudumu moja la siku 41, jingine la siku 229. Hiyo ni saa."

Nimesoma mengi kuhusu Kepler-16b tangu hapo, na sijakutana na maelezo yanayoshinda hayo. Si kila sayari ya kubuni imepata pacha wa kweli akabaki. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba nyota ya 40 Eridani A, ambayo kwa muda mrefu imetajwa kuwa ndiyo jua la Vulcan, ina sayari. Nilifurahi kama niliyepata barua. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine ukaonyesha kuwa kilichodhaniwa sayari ni mtikisiko wa uso wa nyota yenyewe. Mapigo yalikuwepo, gurudumu halikuwepo. Iliniuma, nami sioni aibu kusema kwamba iliniuma.

Siku zilizofuata tulipita sayari baada ya sayari, na kila moja ilibidi ijibu swali lile la kivuli kwa namna yake. Maana hilo ndilo Babu alilokuwa anauliza, ingawa hakulisema hivyo: dunia hii inamfanya nini mtu aliyesimama juu yake? Hoth, sayari ya barafu ya filamu ya Star Wars ya mwaka 1980, ilimchosha mapema. Nilimsifia kwamba baridi ile ni ya kweli, walipiga picha kwenye barafu ya Finse, Norwei, katikati ya dhoruba. Akakubali kwamba baridi anaiona. "Lakini wale wanyama wanaopandwa wanakula nini?" Sikuwa na jibu, na Hoth imeshuka kwenye orodha yangu tangu siku ile. Sipendi sana sayari za kipande kimoja, barafu tupu au msitu mtupu, kana kwamba dunia ni chumba kilichopakwa rangi moja. Ingawa niseme ukweli wote: wanajiolojia wengi wanaamini Dunia yetu hii iliwahi kufunikwa barafu karibu yote, miaka milioni 700 hivi iliyopita. Kwa hiyo Hoth haikosei kuwa nyeupe. Inakosea kutokueleza chakula.

Arrakis ilikuwa kinyume chake. Ni sayari ya jangwa ya Dune; tulitazama filamu ya mwaka 1984, ambayo watu wengi hawaipendi, nami naitetea kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni vazi linalokusanya jasho na pumzi ya mtu na kuyarudisha maji yake mwilini. La pili ni mwendo. Chini ya mchanga wa Arrakis kuna mafunza makubwa kuliko meli, na yanafuata mdundo. Mtu akitembea kwa hatua zilizo sawa, funza anamsikia, anakuja, anameza kila kitu. Anayetaka kuishi lazima atembee bila mpangilio.

Babu alinyamaza alipoelewa hilo. "Yaani huko tiki-tiki inaua," alisema hatimaye. "Saa ya mezani ikiachwa mchangani inamwita." Nikamwambia ndivyo hasa, wana hata kifaa cha kugonga mchanga ili kumwita kwa makusudi. Akasimama, akaenda mpaka mwisho wa sebule, akageuka, akaanza kurudi kwa hatua zisizo sawa. Moja ndefu, mbili fupi, akasimama, akaburuta mguu. Nilimwangalia miguu. Kufika hatua ya saba au ya nane, ilikuwa imejipanga yenyewe. Akarudi mwanzo, akajaribu tena, na tena miguu ikajipanga. Alijaribu mara nne, uso wake umekaza kama anayetafuta skrubu iliyoanguka. "Siwezi," alisema. "Nimekaa na saa muda mrefu mno. Ningekufa siku ya kwanza." Mwaka 2021 ilipotoka filamu mpya, iliyopigwa Wadi Rum kule Jordan, nikaona wanavyotembea mle, hatua za kuburuta na kuzunguka kama ngoma isiyo na mpigaji. Watu walioketi karibu nami walikuwa wanatazama jangwa. Mimi niliona sakafu ya sebule yetu.

Solaris ya mwaka 1972 ndiyo pekee tuliyoikatiza. Sayari ile ni bahari moja inayofikiri, na wanaoichunguza inawaletea watu waliohifadhiwa kwenye kumbukumbu zao. Inamletea mwanasayansi mke wake aliyekufa zamani, mzima, ameketi kwenye kiti. Bibi alikuwa amefariki miaka 6 kabla. Nilikuwa nimesahau kabisa filamu inahusu nini upande huo, nilikuwa nimeichagua kwa ajili ya bahari. Babu alisema, "Zima kidogo," nikazima. Tukakaa. Baadaye aliuliza, "Angekuja na umri gani?" Nilimwambia kwenye filamu amekuja na umri aliofia. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, na hatukuirudia.

Siku ya saba, ya mwisho kabla ya Mama kumrudisha kwake, nilikuwa nimebakiza ile ya Christopher Nolan ya mwaka uliotangulia, Interstellar. Sayari ninayoizungumzia inaitwa kwa jina la mwanaanga aliyetangulia kufika, Miller. Ni maji kila upande, na maji yenyewe yanafika magotini tu. Mbali kunaonekana milima. Wanaanga wanatembea kwa taabu, wanatafuta mabaki ya chombo, na wewe unayetazama unawahi kuliko wao kugundua kwamba ile si milima, ni wimbi. Sayari iko karibu mno na shimo jeusi kubwa, na kwa sababu ya mvutano wake saa moja pale ni miaka 7 duniani. Kila walichokuwa wanakifanya nilikuwa namtafsiria, nikasahau kusikiliza.

"Humu ndani kuna saa," Babu alisema.

"Ni muziki, Babu."

"Ndani ya muziki kuna saa. Na inachelewa."

Nikarudisha nyuma. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara tatu. Chini ya vinanda vya Hans Zimmer, toka chombo kinapotua, palikuwa na tiki. Tiki. Tiki. Kila moja baada ya zaidi kidogo ya sekunde. Babu alikuwa anaigonga kwa kidole kwenye mkono wa kiti, na kidole chake kilikuwa kinaisubiri kila mara.

Akaniomba kalamu na boksi la dawa ya macho, kisha akanirudishia, kwa kuwa bado alikuwa hajapata miwani ya kusomea. Akanitajia nami nikaandika mgongoni mwa boksi. Miaka 7 mara siku 365 na robo, "usisahau robo," mara saa 24. Jibu likawa 61,362. Yaani saa moja kule ni saa 61,362 huku. Basi na sekunde moja kule ni sekunde 61,362 huku. Nikagawa. Saa 17.

"Sasa ni saa ngapi?" aliuliza. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikatazama ukutani mimi. Saa tatu usiku.

"Basi mshale wa sekunde ukiruka mara moja kule," alisema, "huku ni saa nane mchana wa kesho. Nimeshafika kwangu. Nimeshalala kidogo. Ndipo unaruka tena."

Tuliendelea. Waliporudi chomboni, mwenzao waliyemwacha alikuwa ameota mvi, amewasubiri miaka 23 na miezi 4 na siku 8. Babu alihesabu kwa kichwa kabla sijamaliza kutafsiri: walikaa majini saa tatu na dakika 20. Halafu rubani wao, baba aliyewaacha watoto duniani, akaketi kutazama salamu za wanawe, wakikua mbele yake kwa dakika chache, na hakuna aliyesema neno sebuleni.

Kilichomshughulisha zaidi kilikuja mwishoni. "Saa ya nani mbovu?" aliuliza. "Ya baba au ya binti?" Nikamweleza nilivyoelewa kutoka kwenye makala za Kip Thorne, mwanafizikia aliyeishauri filamu: Nolan alitaka iwe miaka 7 kwa saa moja bila kupunguza, na Thorne akapiga hesabu akakuta inawezekana, mradi shimo jeusi lizunguke kwa kasi karibu kabisa na kikomo cha asili. Hakuna saa mbovu. Zote mbili ni nzima, kila moja inasema kweli mahali ilipo.

Babu alikaa na hilo. "Maisha yangu yote," alisema, "watu wameniletea saa mbili zinazopingana. Kazi yangu ilikuwa kujua ipi mgonjwa." Akafungua mikono, viganja juu. "Na hapa hakuna mgonjwa."

Miaka kadhaa baadaye nilimpigia simu kumwambia kwamba jambo hilo lipo hata juu ya vichwa vyetu. Saa za setilaiti za GPS zinakwenda mbele kuliko za ardhini kwa sekunde milioni moja kugawa 38 kila siku, ndivyo nilivyosema kwa haraka, nikajisahihisha: sehemu 38 za milioni moja za sekunde. Kwa hiyo zinapunguzwa mwendo kabla hazijarushwa, ili zikifika juu zikubaliane na za chini. Alicheka kwa furaha upande wa pili wa simu. "Basi wana fundi," alisema.

Usiku ule majina ya mwisho yalipomaliza kupanda kwenye kioo niliinuka kuwasha taa. Akanizuia. Alitaka nirudishe pale penye maji. Nikarudisha, sauti nikaipandisha, na tiki ikaanza tena, kwa mwendo wake wa polepole. Babu hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ameinua kiganja ameziba jicho la kushoto, na jicho la kulia lilikuwa limeelekea ukutani. Kidole chake kiligonga mkono wa kiti, lakini safari hii hakikufuata muziki. Kilikuwa na mwendo mwingine, wa haraka zaidi kidogo, na nilipofuata macho yake nikaelewa kinafuata nini.

"Saa tano," alisema, "na dakika sita. Na sekunde arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu."